Waposaji Watatu Mwandoya: Tafsiri, Mahari na Usomaji wa Tamthiliya katika Somo la Kiingereza

Ikisiri

Makala haya yanahakiki usomaji wa tamthiliya mbili za Kiafrika, Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia na The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, katika somo la Kiingereza la Kidato cha Tatu na cha Nne nchini Tanzania. Msomaji anayezingatiwa ni mwanafunzi wa kata ya Mwandoya, Wilaya ya Meatu, ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Inadaiwa kwamba tafsiri, ambayo darasani huonwa kuwa dalili ya kushindwa, ndiyo njia ambayo vitabu kadhaa vya somo hilo vimepitia hadi kumfikia mwanafunzi, na kwamba isipopewa nafasi, hoja ya mahari iliyo kiini cha tamthiliya hizi haisomeki.

Utangulizi

Mwandoya ni kata ya wakulima wa pamba na wafugaji katika Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kuwekewa makao makuu yake Bariadi. Mtoto wa huko hukua akisema Kisukuma, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo karibu yote yamehamia katika Kiingereza. Hali hiyo imeandikiwa sana. Criper na Dodd (1984) waliukuta ujuzi wa Kiingereza wa wanafunzi wa sekondari ukiwa chini mno kwa lugha inayodaiwa kubeba elimu yao yote, na bado wakapendekeza iendelee kuibeba. Rubagumya (1990), Roy-Campbell na Qorro (1997), pamoja na watafiti wa mradi wa LOITASA tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wameuonyesha mkanganyiko huo kwa ushahidi ambao haujajibiwa kwa hoja ila kwa kuahirishwa.

Hata hivyo, mjadala huo mrefu umekuwa juu ya lugha ya kufundishia fizikia, historia na jiografia. Somo la Kiingereza lenyewe limeachwa kando kana kwamba halina tatizo. Watetezi wa Kiswahili husema Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, kisha hunyamaza kuhusu uzuri huo utakuwaje. Watetezi wa Kiingereza nao hudhani kwamba mwanafunzi akisikia Kiingereza saa nyingi, ujuzi wa kusoma utakuja wenyewe. Pande zote mbili hazigusi sehemu ya somo hilo ambapo mwanafunzi hutakiwa kusoma kitabu kizima, kukielewa, na kukitolea hoja kwa maandishi: sehemu ya fasihi. Hapo ndipo ujuzi wa kusoma na kuandika hupimwa kwa kweli, na hapo ndipo huvunjika.

Mwanafunzi wa Mwandoya anayetajwa katika makala haya si mtu aliyehojiwa. Ni nafasi ya kusomea: msomaji mwenye lugha tatu, anayeishi katika jamii ambamo ng'ombe wa mahari ni jambo la wiki hii, na ambaye, akiwa msichana, anaweza kuwa yeye ndiye anayezungumzwa.

Kitabu kinachogeuka kitini

Muhtasari wa somo la Kiingereza uliotolewa mwaka 2005 uliambatana na orodha ya vitabu vya fasihi iliyodumu kwa muda mrefu. Tamthiliya za Oyono-Mbia na Soyinka zilikuwamo, pamoja na The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o; riwaya zilikuwa pamoja na Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala na Unanswered Cries ya Osman Conteh; upande wa ushairi kulikuwa na Song of Lawino ya Okot p'Bitek. Kwa maudhui, ni orodha iliyochaguliwa kwa akili. Ndoa, ukeketaji, UKIMWI, elimu ya msichana na mgongano wa kijiji na mji ni mambo ambayo kijana wa Meatu hahitaji kuelezwa kwa nini yana uzito.

Tatizo huanza pale kitabu kinapokutana na swali la mtihani. Kwa miaka mingi swali la tamthiliya katika mtihani wa Kidato cha Nne limemtaka mtahiniwa achukue vitabu viwili na kuthibitisha dai fulani kwa hoja kutoka kila kimoja. Swali la namna hiyo linaweza kujibiwa na mtu ambaye hajawahi kukifungua kitabu, mradi ana kitini. Vitini vipo: vinauzwa, vinanakiliwa, vinatumwa kwa simu, na kila kimoja huanza na wasifu wa mwandishi, hufuata muhtasari wa hadithi, kisha orodha ya dhamira. Pale nakala za tamthiliya zinapokuwa chache, kitini hakisaidii tena kusoma kitabu. Huwa ndicho kitabu.

Louise Rosenblatt (1978) alitofautisha usomaji wa kuondoka na taarifa na usomaji wa kuyaishi maandishi wakati yanaposomwa. Tofauti hiyo hutajwa sana, wakati mwingine bila sababu. Hapa inafaa, kwa kuwa kitini humnyima mwanafunzi usomaji wa aina zote mbili. Hata taarifa anayoondoka nayo si yake. Imetolewa katika kitabu na mtu mwingine, mara nyingi kwa Kiingereza ambacho mwanafunzi hukariri sentensi kwa sentensi. Lawama kwa walimu haina msingi mkubwa. Mwalimu mwenye darasa kubwa, nakala chache na mtihani usioulizia kitabu amefanya hesabu sahihi.

Waposaji ni wangapi?

Three Suitors: One Husband haikuandikwa kwa Kiingereza. Oyono-Mbia, mzaliwa wa kusini mwa Kameruni, aliichapisha kwanza kwa Kifaransa mwaka 1964, kisha yeye mwenyewe akaihamishia katika Kiingereza. Nyuma ya Kifaransa hicho kuna Kibulu cha kijiji cha Mvoutessi, mahali matukio yanapotokea. Kwa hiyo kitabu anachokabidhiwa mwanafunzi wa Mwandoya kama mfano wa Kiingereza ni tafsiri ya maandishi yaliyokuwa tayari yakitafsiri mazungumzo ya lugha nyingine. Song of Lawino nayo ilianza kwa Kiacholi. Jambo hili halitajwi katika vitini, au hutajwa kama kipande cha wasifu kisicho na matokeo. Lina matokeo makubwa. Linamaanisha kwamba mwanafunzi anayegeuza sentensi kutoka lugha moja kwenda nyingine anafanya kazi ileile iliyofanywa na mwandishi.

Juliette, mhusika mkuu, anarudi kijijini kutoka shuleni na kukuta ndugu zake wamekwisha kupokea faranga 100,000 kutoka kwa Ndi, mkulima kijana, kwa ajili ya kumwoa. Halafu anafika Mbia, mtumishi wa serikali mwenye makuu, na kutoa 200,000. Juliette anakataa, ana mpenzi wake, Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Fedha zote zinaibwa kwa hila ya Juliette mwenyewe na kupewa Oko. Wazee wanahangaika, mganga anaitwa, mfanyabiashara Tchetgen anajaribiwa naye anashindwa bei. Hatimaye Oko anaingia kwa mbwembwe za mtu mkubwa na kulipa 300,000 zilezile. Kila mtu anaridhika.

Mwanafunzi akiambiwa aandike jina la tamthiliya hiyo kwa Kiswahili, kazi ya uhakiki imeanza kabla ya ukurasa wa kwanza. Neno la haraka ni mchumba. Lakini mchumba wa Kiswahili cha leo ni mtu ambaye pande mbili zimekubaliana, na Juliette hajakubaliana na Ndi wala Mbia. Hao ni waposaji: wametuma posa kwa wazee. Oko ni mchumba, ila hajaposa. Akiandika waposaji watatu, mwanafunzi atalazimika kuhesabu. Ndi ni wa kwanza na Mbia wa pili. Wa tatu ni Tchetgen, aliyeshindwa kulipa, au ni Oko, aliyelipa kwa fedha ya wenzake? Iwapo ni Tchetgen, basi mume hakutoka miongoni mwa waposaji, na jina la tamthiliya linacheka taratibu nzima ya posa. Iwapo ni Oko, basi alibidi awe mposaji ndipo awe mume, na utaratibu umeshinda. Swali hilo, ambalo ndilo swali la tamthiliya nzima, halionekani kwa urahisi katika neno la Kiingereza, kwa kuwa neno hilo kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu halina mpaka na jirani yeyote. Lipo tu katika orodha ya misamiati.

Ugumu unaongezeka kwa neno lenyewe la mahari. Kitini huandika kwamba bride price ni mahari na kusonga mbele. Lakini mahari imetoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu ni haki ya mke mwenyewe. Kiswahili cha pwani kilikuwa na maneno mengine kwa kile kinachokwenda kwa wazazi: kilemba kwa upande wa baba, mkaja kwa mama. Bara, mahari imepanuka ikabeba na ng'ombe wanaokwenda kwa baba na ukoo wake. Kifaransa cha Kameruni husema dot, neno ambalo Ulaya lilitaja mali anayokuja nayo bibi arusi kutoka kwao, yaani kinyume kabisa. Kiingereza kilitia neno bei ndani ya istilahi yake, jambo ambalo lilimsumbua Evans-Pritchard hata akapendekeza, mwaka 1931, istilahi nyingine inayotaja mali badala ya bei. Kisukuma nacho kina kitenzi kukwa, kinachotaja tendo la kutoa ng'ombe kwa upande wa mke bila kudokeza ununuzi. Ni vigumu kutoona sura ya mkwe ndani yake. Hans Cory, katika Sukuma Law and Custom (1953), alirekodi jinsi ng'ombe hao walivyohusika na mambo mengine mengi: kurejeshwa kwao ndoa inapovunjika, na watoto kuhesabiwa kuwa wa ukoo gani.

Hasira ya Juliette inategemea neno bei. Analalamika kwamba anauzwa. Kwa msomaji aliyefundishwa kwamba bride price ni mahari tu, malalamiko hayo yanakuwa ya ajabu, kwa sababu hakuna anayeona tusi katika neno mahari. Wengi huona heshima. Mwanafunzi basi huandika kwamba mahari ni mila mbaya kwa kuwa kitini kimesema hivyo, huku akijua kwamba dada yake alitolewa ng'ombe na hakuna aliyemwona kuwa ameuzwa. Anajifunza kuandika asichokiamini katika lugha asiyoimudu. Pengine huo ndio ujuzi ambao somo hili linaufundisha kwa ufanisi kuliko mwingine wowote.

Kuna swali jingine ambalo kitini hakiwezi kulizaa. Hila ya Juliette inawezekana kwa sababu fedha hazina alama. Faranga 300,000 za Ndi na Mbia zikirudi mikononi mwa Oko hazitambuliki. Ingekuwa ng'ombe, hila ingekufa siku hiyohiyo: kila mnyama ana rangi yake, pembe zake, alama yake na watu wanaomfahamu tangu alipozaliwa. Msomaji wa Meatu ana uwezo wa kuliona jambo hili haraka kuliko mhakiki wa Yaounde au London. Akiliona, ameingia katika kiini cha tamthiliya, maana Oyono-Mbia hachekeshi mahari kwa jumla; anachekesha mahari iliyokwisha kuwa fedha taslimu. Tofauti hiyo ingeweza kuandikwa katika insha ya Kiingereza ya ukurasa mmoja. Haiandikwi, kwa kuwa ingehitaji kwanza kusemwa darasani kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, mahali ambapo lugha hizo zinatakiwa kukaa kimya.

Mwalimu Lakunle

Kisomo hicho kinagongana na The Lion and the Jewel, na mgongano huo ni wa manufaa. Katika tamthiliya ya Soyinka, iliyoonyeshwa kwanza Ibadan mwaka 1959, anayepinga mahari si msichana bali mwalimu. Lakunle, kijana wa miaka 23 katika kijiji cha Ilujinle, anataka kumwoa Sidi bila kulipa, kwa madai kwamba desturi hiyo ni ya kishenzi. Sidi anakataa: asipolipiwa, watu watasema hakuwa bikira na ilibidi aolewe kwa aibu. Mwishowe anaolewa na Baroka, mzee wa kijiji, aliyemnasa kwa hila ya kujidai ameishiwa nguvu za kiume.

Vitabu hivi viwili, vikisomwa pamoja, haviruhusu jibu la mahari ni mila mbaya. Juliette anaikataa akijua thamani yake imehesabiwa na wengine. Sidi anaidai kwa sababu hiyohiyo ya kujua thamani yake. Kitini hulazimika kuwaweka katika safu moja chini ya dhamira moja, na ili kufanya hivyo lazima kinyamazishe mmoja wao. Kwa kawaida anayenyamazishwa ni Sidi.

Lakunle mwenyewe anastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Anaposhambulia mahari, anamwaga mfululizo wa vivumishi ambavyo Sidi havielewi, na akiulizwa kwa nini ameishia hapo, anajibu kwamba kamusi aliyo nayo ni ile fupi, ila ameagiza ndefu. Ni kejeli kali juu ya mwalimu wa kijiji ambaye Kiingereza chake kimekuwa mapambo, hakimshawishi mtu yeyote na hakimpatii mke. Shule humweka Lakunle mbele ya mwanafunzi, humwambia amcheke, kisha humpa alama kwa kuandika kama yeye. Ni nadra kwa mfumo wa elimu kuweka katika orodha yake kitabu kinachoushtaki waziwazi namna hii, na ni nadra zaidi kitabu hicho kufundishwa bila shtaka hilo kusikika.

Vyumba viwili

Mwanafunzi huyohuyo, katika kipindi kingine cha siku ileile, husoma fasihi kwa Kiswahili. Katika orodha ya Kiswahili iliyoendana na muhtasari huo mmekuwa na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, ambamo karani wa sensa anaingia kijijini na daftari lake, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na kazi ya serikali inaishia katika moto uliowashwa na baba mwenye hasira. Ngoswe na Lakunle ni ndugu. Wote ni vijana wasomi wanaodhani kwamba kalamu imewapa ruhusa ya kuruka taratibu za wazee, na wote wawili wanaadhibiwa na tamthiliya zao. Mwanafunzi anayeweza kusema hayo kwa Kiswahili kwa ufasaha tayari ana ujuzi ambao somo la Kiingereza linadai kumfundisha: kutambua msimamo wa mhusika, kupima kejeli, kulinganisha miisho. Anachokosa ni maneno ya Kiingereza ya kuusemea. Shule huchukulia kwamba anakosa ujuzi wenyewe, kwa hiyo humwanzisha upya kwa kukariri.

Orodha hiyo ya Kiswahili nayo ina Takadini ya Ben Hanson, riwaya ya Zimbabwe iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, kuhusu mama anayekimbia na mtoto wake mwenye ualbino. Riwaya ambayo Kanda ya Ziwa haihitaji kuelezwa kwa nini inasomwa. Tafsiri basi imo katika vyumba vyote viwili, na katika chumba cha Kiswahili haimwaibishi mtu.

Pingamizi la kawaida ni kwamba Kiswahili kikiruhusiwa katika kipindi cha Kiingereza, Kiingereza hakitasemwa kabisa. Pingamizi hilo lina ukweli kwa kiasi fulani. Mwalimu anayeeleza kila kitu kwa Kiswahili na kuacha kitini kwa Kiingereza hajafundisha lugha yoyote. Amehama tu kutoka ukimya mmoja kwenda mwingine. Hata hivyo, kutafsiri kunakodaiwa hapa si maelezo ya mwalimu. Ni kazi ya mwanafunzi, ya maandishi, yenye makosa yanayoweza kusahihishwa: sentensi kumi za Juliette kwa Kiswahili, kisha Kiswahili hicho kurudishwa katika Kiingereza kitabu kikiwa kimefungwa, kisha kulinganishwa na kitabu. Mazoezi hayo hudai sarufi kali kuliko insha ya kukariri, kwa kuwa hayana mahali pa kujificha.

Kinachopotea yasipofanyika kina uzito kuliko alama. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, vilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa vinakiuka Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa na kumwoa mwanafunzi kukafanywa kosa la jinai. Sheria hizo husomwa mijini. Tamthiliya ya Oyono-Mbia ilikuwa imekwisha kufika katika madarasa ya Meatu kabla ya hukumu hizo, ikiwa na msichana wa shule anayerudi likizo na kukuta bei imekubaliwa bila yeye kuulizwa. Palikuwa na saa halali, katika ratiba ya serikali, ya kulizungumza jambo hilo mbele ya wavulana na wasichana pamoja. Kwa sehemu kubwa saa hiyo imetumika kunakili dhamira.

Mtaala mpya unatoa fursa ya kuzipitia upya orodha za vitabu. Kuna maandishi ya jirani ambayo yangefaa kazi hii kuliko tamthiliya zote mbili. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaikamilisha mwaka 1945, na baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe vilevile, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya kutoka Kikerewe moja kwa moja, bila kupitia Kiswahili cha Kitereza. Kwa hiyo kuna Kiswahili na Kiingereza ambavyo ni ndugu wa baba mmoja, na hakuna aliye nakala ya mwenzake. Sehemu ya kuanzia ni ile ambapo Myombekere, mke wake akiwa amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya kukosa mtoto, anakwenda ukweni kumwomba na kutozwa pombe ya ndizi. Kurasa chache za mazungumzo hayo, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, zingetosha kwa muhula mzima. Na pale tafsiri hizo mbili zinapoachana, mwanafunzi wa Mwandoya angekuwa na Kisukuma chake cha kuamulia.